Tulichagua Leipzig tukamsahau Shemeji: uchambuzi wa kisa cha familia moja ya Arusha

Kabla sijaanza

Wenyewe wameniruhusu kuandika kisa hiki kwa sharti moja, majina yao, hospitali na mtaa wanaotoka visionekane. Mke namwita Dada, mume namwita Shemeji, na ndivyo ninavyowaita hata kwenye simu. Mimi nafundisha Kijerumani hapa Arusha. Dada alikuja kama mwanafunzi, alafu mdogo mdogo nikajikuta nimekaa nao mezani wakichagua mji wa kuhamia, kwahiyo ninayoandika hapa nimeyaona kwa macho na sehemu ya makosa ni yangu kabisa.

Naandika kwa sababu kila darasa jipya likianza hakosi mtu wa kuniuliza, ticha, mji gani Ujerumani unalipa? Kisa hiki ndo jibu langu, ni refu, naomba uvumilivu.

Walikuwa watu gani

Dada ni muuguzi mwenye diploma, miaka tisa kazini, mzaliwa wa Kilimanjaro, na mama yake mzazi, ambaye namwita Bibi, bado yuko kule juu kihambani kwao, yani kwenye shamba la ukoo. Shemeji ni mwongoza watalii, miaka kumi na mbili anapandisha wageni mlimani na kuwaendesha Serengeti na Ngorongoro, Kijerumani chake kilikuwa kizuri kuliko cha mke wake maana alijifunzia kwa wageni wenyewe. Watoto wawili, wa kike alikuwa na miaka minne tulipoanza kupanga, wa kiume alikuwa na mwaka mmoja.

Kilichowasukuma ni 2020, mwaka wa korona. Mwezi wa nne serikali ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje, tarehe 18 mwezi wa tano anga likafunguliwa tena lakini wageni hawakurudi hivi hivi, na kila mtu wa Arusha anayekula kwa utalii anaikumbuka ile hali, magari yamepaki, wapagazi wamerudi shamba, mtu aliyekuwa anasaidia ukoo mzima anaomba vocha. Shemeji kabla ya hapo ndo alikuwa anaingiza hela kubwa nyumbani, na zaidi ya nusu ilikuwa tipu. Mwaka mzima wakaishi kwa mshahara wa Dada peke yake. Kuanzia pale wakaamua, kama ni kutoka nje basi watatoka kwa cheti cha Dada, maana wauguzi wanatafutwa kila mahali na mwongoza watalii hatafutwi na mtu.

Hiyo hoja ilikuwa na nguvu, siipingi mpaka leo. Ila ndiyo iliyomfunika Shemeji kwenye kila kilichofuata.

Daftari la krismasi 2022

Dada alianza darasa 2021, mwishoni mwa 2022 akawa na B1, yani Kijerumani cha ngazi ya kati, inayofuata ni B2. Krismasi wakapanda nyumbani kuhesabiwa kama Wachagga wengine, na mimi wakanialika siku mbili. Usiku baada ya kula tukatoa daftari kubwa la mistari, tukachora. Miji mitatu: Dubai, Munich, Leipzig. Safu tano: mshahara, kodi ya nyumba, makaratasi, watoto, umbali wa kurudi kwa Bibi. Safu nilichora mimi.

Dubai ilikuwepo kwa sababu binamu yake Shemeji yuko kule. Faida zake zinaonekana wazi, mshahara haukatwi kodi ya mapato, dirham imefungwa kwenye dola miaka mingi kwa hiyo unajua unatuma kiasi gani nyumbani, na saa zao zimetuzidi moja tu. Lakini ukaazi wako unakaa kwenye mkono wa mwajiri, kazi ikiisha unaanza kuhesabu siku, na watoto wa wageni kwa kawaida wanasoma shule za kulipia. Dada akasema hataki maisha ya wanae yasimame juu ya mkataba wake wa kazi. Tukaikata Dubai, ilichukua kama nusu saa.

Munich ilikuwa ya Shemeji. Wageni wake wengi wanatoka Bavaria, wengine wanamwandikia mpaka leo. Akatueleza kwamba ukipanda treni pale mjini, baada ya saa moja na nusu hivi uko Garmisch, chini ya Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani, mita 2,962. Kwa mtu ambaye amefika mita 5,895 mara zisizo na idadi hicho ni kilima, lakini alisema neno nalikumbuka vizuri: "hapo angalau nitaona mlima." Sisi wote tukatabasamu. Kwenye daftari hatukuandika kitu.

Leipzig ililetwa na hospitali. Kati ya zilizomjibu Dada, ile ya kule ndiyo ilikuwa na mpango ulioeleweka wa kumpitisha kwenye mafunzo ya kukamilisha cheti, huku akilipwa na kupewa chumba bwenini. Na Bibi alipolisikia jina akashtuka kwa furaha. Wamisionari wa Kilutheri waliofika mlimani 1893, kuanzia Machame, walitumwa kutoka Leipzig, na kwa mtu aliyekulia kwenye usharika wa kule juu jina hilo ni la nyumbani tangu utoto. Akasema mtoto wake anaenda kwa watu wanaojulikana. Baada ya hapo meza ilibadilika, sote tuliisikia.

Kwanini Munich iliangushwa

Hapa ndo pana hesabu ambayo naona kila muuguzi anayetaka kwenda Ujerumani aipige. Hospitali nyingi za umma kule zinalipa kwa jedwali moja la mishahara la nchi nzima. Muuguzi wa daraja fulani Munich na mwenzake wa daraja hilo hilo Leipzig wanapokea karibu sawa, Munich wanaongezewa posho kidogo ya ukali wa maisha. Kinachotofautiana ni nyumba. Kwenye matangazo tuliyoyapitia kipindi kile, nyumba ya mita za mraba 60 Munich ilikuwa euro 1,300 hivi, Leipzig 500 hivi, na hiyo ni kodi wanayoiita baridi, yani bila maji, bila kupasha nyumba joto. Mshahara wa Dada baada ya makato tulikadiria 2,200. Ukitoa kodi ya Munich na bima na chakula cha watu wanne, hela ya kutuma kwa Bibi haipo.

Kuna jambo la pili watu hawalijui. Wakati ule, kabla sheria haijabadilika Machi 2024, ili familia ikufuate ilikuwa lazima uonyeshe una nyumba ya kutosha, na kipimo walichotumia kilikuwa mita za mraba 12 kwa kila mtu aliyezidi miaka sita na 10 kwa mtoto wa chini ya hapo. Hukuweza kuwaita watu wanne kwenye chumba kimoja ukasema tutabanana kama tulivyozoea. Munich, kwa mshahara wa mwanzo, hicho kipimo kingewachelewesha sana.

La tatu ni chekechea. Upande wa mashariki wa Ujerumani, tangu enzi za utawala wa kikomunisti, kupeleka watoto wadogo chekechea kutwa nzima ni kawaida na nafasi ni nyingi kuliko magharibi. Kwa mama anayeingia shifti hilo ni kubwa.

Kwahiyo Leipzig. Kwa safu zile tano ilishinda bila ubishi, na hata leo nikizipiga upya kwa safu zile zile inashinda.

Yalivyokwenda

Agosti 2023 Dada aliondoka uwanja wa ndege wa KIA peke yake, Addis, Frankfurt, alafu treni kwa masaa matatu. Ndani ya wiki mbili akajiandikisha anuani yake kwenye ofisi ya mtaa kama sheria inavyotaka, maana bila ile karatasi huendi popote, akaanza mafunzo akilipwa kama msaidizi wa muuguzi. B2 alikuwa ameshaipata hapa hapa Arusha kabla ya kuondoka na hicho kitu kilimwokoa, wenzake wawili kutoka nchi nyingine walikuja na B1 wakawa wanasoma lugha usiku baada ya shifti, mmoja akaanguka mtihani mara mbili.

Desemba ilimpiga. Kule mwezi huo jua linachomoza saa mbili asubuhi na saa kumi jioni limeshazama, ukiingia shifti ya mchana unaweza kukaa siku nne hujaliona. Na ndo krismasi ya kwanza maisha yake yote hajapanda kuhesabiwa, likizo anayo lakini mgeni kazini hapewi wiki ya krismasi, hiyo wanagombea wenyeji wenye watoto. Alinipigia akilia, Bibi kamuonyesha ndafu kwenye simu akidhani anamfurahisha.

Hela ilikuwa ndogo kuliko tulivyokadiria kwa kosa moja la kitaalamu. Ujerumani watu walioa wanaweza kuwekwa kundi la kodi lenye makato madogo, sisi tukapiga hesabu kwa kundi hilo, kumbe mwenza lazima awe anaishi Ujerumani au kwenye nchi za Ulaya zinazohusika. Shemeji yuko Arusha, kwahiyo Dada akakatwa kama mtu asiye na ndoa miezi yote ile. Hili ningepaswa kulijua, sikulijua.

Mei 2024 akapata leseni kamili ya uuguzi. Akatafuta nyumba, akapata ya mita 62. Dhamana kisheria haizidi kodi baridi ya miezi mitatu, na kwa sisi tuliozoea mwenye nyumba wa Arusha anayetaka miezi sita mkononi alafu ndo akupe funguo, hiyo ilionekana nafuu. Ila nyumba ilikuwa haina jiko. Simaanishi jiko la gesi, namaanisha chumba cha jiko kina bomba ukutani basi, sinki hamna, makabati hamna, ndivyo nyumba nyingi za kule zinavyopangishwa. Kuijaza kukamla akiba ya miezi.

Alafu ikaja Septemba mosi 2024, uchaguzi wa jimbo la Saxony, ambamo Leipzig imo. Chama cha AfD, ambacho msimamo wake juu ya wahamiaji unajulikana, kikapata asilimia 30.6, nyuma kidogo ya chama cha CDU chenye 31.9. Visa za Shemeji na watoto ziko mbioni. Shemeji alinipigia kesho yake asubuhi, akaniuliza kama baba, siyo kama mwanafunzi, ticha niwapeleke wanangu kule? Sikuwa na jibu la haraka. Tulichofanya ni Dada kukaa chini na wauguzi wenzake wenye asili ya Afrika na Asia waliokaa miaka pale, akawauliza mtaa kwa mtaa, wapi watoto wao wanasoma, wapi hawapiti usiku. Jibu lao lilikuwa Leipzig yenyewe haijafanana na vijiji na miji midogo ya jimbo, na kura za mjini zilionyesha hivyo, lakini usijidanganye kwamba hutasikia neno. Wakaenda wakijua. Oktoba wakafika, na ndani ya mwaka Shemeji ametukanwa mara moja kwenye tramu usiku, abiria mmoja mama mtu mzima akahama kiti akaja kukaa naye mpaka kituo. Yote mawili aliniambia kwa pumzi moja.

Shemeji alipofika

Watoto walizoea haraka. Wa kike baada ya miezi mitano alikuwa anamsahihisha Dada matamshi. Posho ya serikali ya watoto, euro 250 kila mtoto kwa mwezi wakati ule, ikaingia, kundi la kodi likabadilika, meza ikatulia. Ungeiona familia hiyo Februari 2025 ungesema imefanikiwa.

Shemeji kibali chake kinamruhusu kufanya kazi yoyote. Kazi gani sasa? Leipzig ni tambarare, iko kama mita 110 tu juu ya bahari, Arusha tuko mita 1,400. Uwanja wao wa ndege ni kituo kikubwa cha vifurushi vya Ulaya na kazi nyingi ni za usiku, akaingia huko, kupanga vifurushi saa nne usiku mpaka alfajiri. Dada ana shifti zake. Wakawa wanapishana mlangoni, mmoja anavua viatu mwingine anavaa, watoto wakiwa katikati.

Leseni yake ya udereva ya Tanzania ilifaa miezi sita, baada ya hapo alitakiwa kufanya mitihani upya, nadharia na barabarani. Huyu ni mtu ameendesha Land Cruiser kwenye tope la Ngorongoro miaka kumi na mbili na hajawahi kumwangusha mgeni. Mtihani wa barabarani wa kwanza alianguka, kwenye njia panda isiyo na alama anayetoka kulia kwako ndiye anayepita kwanza, na yeye kwa mazoea akachungulia barabara kubwa ni ipi. Wa pili akapita. Lakini aliniambia siku ile ya kuanguka alikaa kwenye benchi ya kituo cha tramu saa nzima, akafungua grupu la waongozaji wenzake, akakuta wametuma picha wako kambi ya Barafu, Kilimanjaro, wanajiandaa kwenda kileleni usiku ule.

Juni 2025 wageni wake wa Munich wakamwandikia, wanakuja kupanda, wanamtaka yeye. Akaacha kazi ya vifurushi, akarudi Arusha, Julai mpaka mwisho wa Septemba akapandisha. Kibali hakikuwa shida, unapoteza ukikaa nje zaidi ya miezi sita. Hela alirudi nayo nzuri. Kule nyuma Dada alibaki na watoto wawili na shifti za usiku ambazo hakuna chekechea inayozibeba, ikabidi aombe kupunguziwa masaa, mshahara ukashuka, na binti akaanza darasa la kwanza Agosti baba hayupo kwenye picha na ile koni kubwa ya pipi wanayompa kila mtoto siku ya kwanza ya shule.

Uchambuzi wangu

Lugha kabla ya safari ilifanya kazi kuliko kitu chochote. Kutangulia mtu mmoja pia, hata kama kuliumiza, maana familia ilifikia nyumba na siyo bwenini. Na hesabu ya mshahara sawa, kodi ya nyumba tofauti, bado naifundisha.

Kosa liko kwenye daftari. Tuliandika mshahara, na tulimaanisha mshahara wa Dada. Tuliandika makaratasi, ni ya Dada. Shemeji alihesabiwa kwenye mita za mraba kama mtu wa kulazwa tu. Hakuna safu iliyouliza huyu bwana akiamka Jumatatu anaenda wapi, anajua kufanya nini ambacho huo mji unakihitaji. Na alituambia mwenyewe, kwa sentensi moja, tukaichukua kama hisia. Ilikuwa taarifa ya kazi. Mimi nimesomesha waongozaji kibao, nilipaswa kuisikia.

Je, Munich ingekuwa jibu? Nimelifikiria sana hili na sidhani. Kuongoza watu kwenye Alps kama mwongozaji kamili kunataka mafunzo marefu na mtihani wa serikali wenye kupanda barafu na kuteleza kwenye theluji, cheti cha Kilimanjaro hakikupeleki moja kwa moja. Kuna ngazi ya chini, kuongoza matembezi ya milimani, hiyo inafikika. Lakini kwa kodi ya Munich pengine mpaka leo wangekuwa bado wanapigiana simu.

Kilichokosekana ni miji ambayo hatukuwahi kuiandika. Tulishindanisha Munich na Leipzig kwa sababu ndiyo majina tuliyoyajua, moja kwa wageni, jingine kwa misioni. Kusini kule chini ya milima kuna miji midogo yenye hospitali zinazolipa kwa jedwali lile lile na kodi ya chini kuliko Munich, Kempten kwa mfano, watu elfu sabini hivi, Alps ziko pale pale. Hatukutuma hata barua pepe moja. Na jina la Leipzig, namheshimu sana Bibi kwa alichosema, lilitupa faraja mapema mno, tukaacha kuuliza.

Jingine ni msimu. Kazi ya Shemeji ina kalenda, Januari hadi Machi na Juni hadi Oktoba, masika hakuna kitu. Kama tungeliona mapema ingewezekana kupanga nani anakaa na watoto kipindi hicho, labda kumleta mdogo wake Dada kwa visa ya kuwatembelea, labda Dada kuomba wadi isiyo na usiku. Ilivyotokea, msimu uliwakuta.

Na uraia. Tangu 27 Juni 2024 Ujerumani inaruhusu uraia zaidi ya mmoja na unaweza kuomba baada ya miaka mitano. Watu wamenipigia wakishangilia. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, na asiye raia hamiliki ardhi hapa kama raia anavyomiliki. Kwa mtu mwenye kihamba kinachomsubiri mlimani hilo halina haraka, na wenyewe wameamua kutoligusa kwa sasa.

Walipo leo

Bado wako Leipzig. Dada amerudi masaa kamili. Shemeji anafanya kazi ya udereva mchana, usiku yuko nyumbani na watoto. Wamejiwekea muda, waamue kabla binti hajamaliza darasa la nne, kwa sababu pale ndo watoto wanagawanywa shule za sekondari za aina tofauti na kuhama katikati kutamuumiza. Mwezi uliopita walinipigia video, daftari liko mezani, jipya. Safu amechora Shemeji safari hii, ya kwanza inasomeka "Baba atafanya kazi gani", na mji wa kwanza juu kabisa ameandika Kempten. Dada ameshatuma barua hospitali mbili.